Mama Vidukari na Hesabu ya Kivulini

Katika kituo cha utafiti wa kilimo walimwita Mama Vidukari, naye alikuwa ameshachoka kukasirika. Kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kuhesabu wale wadudu wadogo weusi wanaofyonza utomvu wa kunde, wanaoganda kwenye machipukizi kama masizi kwenye kitako cha sufuria, na mtu akifanya kazi moja muda wote huo, jina la kazi nalo humganda. Wenzake hawakupona. Mpiga dawa aliitwa Mzee wa Bomba, na mpishi wa kituo, mwanamke safi asiye na kosa lolote, aliitwa Ukoko.

Kazi yenyewe usiidharau. Jaribu siku moja tu. Unaingia shambani saa moja asubuhi, umande umelowesha sketi hadi magotini, unainama, unashika chipukizi kwa vidole viwili bila kulitikisa, maana kidukari akitikiswa hudondoka, kisha unahesabu mmoja mmoja huku kidole gumba kikibonyeza kihesabio. Ukimaliza mche mmoja unaandika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino na umande havielewani. Miche kumi kila kitalu, vitalu ishirini na vinne, mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Halafu anakuja mgeni kutoka makao makuu, amevaa viatu vyeupe, anauliza, "Na wewe mama, hapa unafanya nini hasa?"

Vitalu kumi na viwili vilikuwa na kunde peke yake, zimekaa wazi juani. Vingine kumi na viwili vilikuwa na kunde zilizopandwa katikati ya mistari ya mahindi. Swali la kituo lilikuwa moja: kunde zikikaa ndani ya mahindi, je, wadudu wanapungua? Wenye elimu walikuwa na sababu zao za kuamini hivyo. Walisema kidukari anayepeperushwa na upepo hupotea njia akikutana na mahindi, haoni kunde wala hasikii harufu yake, na kwamba kwenye mchanganyiko hukaa kwa wingi vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni ambavyo chakula chao ni vidukari. Yalikuwa maneno ya kuingia akilini. Na kwa misimu mitatu penseli ya Mama Vidukari ilikuwa imejibu: ndiyo, wanapungua, tena sana, mahindini hawafiki hata nusu ya wale wa kwenye kunde za peke yake.

Mwenye swali alikuwa mtafiti waliyemwita Daktari, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Alifika kituoni akiwa mwanafunzi, hajui hata kumtofautisha kidukari aliye hai na gamba alilolivua, na aliyemfundisha hayo ni Mama Vidukari. Sasa alikuwa bosi, lakini bado alimwita mama, na si kwa mdomo tu. Kutokana na misimu ile mitatu alikuwa ametengeneza kipeperushi chenye picha ya kunde zilizonawiri na maandishi makubwa: CHANGANYA KUNDE NA MAHINDI, SAHAU DAWA YA VIDUKARI. Maboksi sita yalikuwa yamepangwa ofisini kwake, yanasubiri siku ya wakulima, wiki tatu mbele.

Mama Vidukari alikuwa na miaka hamsini na minane na alikuwa amechoka. Nasema amechoka, si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Magoti yalilalamika akiinama, kiuno kikalalamika akiinuka, na mkataba wake ulikuwa wa msimu kwa msimu. Chumba alichoishi, nyuma ya stoo ya mbegu, kilikuwa cha kituo. Kazi ikiisha, chumba nacho kimekwisha. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki zamani, watoto hakujaliwa, na nduguye aliyebaki ni dada yake mkubwa, mkulima, umbali wa saa moja na nusu kwa miguu.

Na macho. Hapo ndipo penye shughuli. Yalianza kufifia polepole, ukungu mwembamba ambao kwanza aliusingizia vumbi la stoo. Alipokwenda kliniki akaambiwa ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba wanaweza kumfanyia upasuaji. Akasema atarudi. Msimu ukaingia, hakurudi. Msimu ukatoka, akawa na sababu nyingine. Ukweli ni kwamba aliogopa kisu, na zaidi ya kisu aliogopa kuomba ruhusa, kwa sababu ruhusa ina fomu, fomu ina sababu, na mhesabu wadudu anayeandika kwenye fomu kwamba haoni vizuri amejiandikia barua ya kuachishwa. Basi akawa anajitia hamnazo. Sindano alitungiwa uzi na Ukoko. Asubuhi moja alilisalimia koti la Mzee wa Bomba lililotundikwa mlangoni mwa stoo, na kwa kuwa koti halikuitika, alimnunia mwenye koti hadi saa ya chai. Mzee wa Bomba alipojua chanzo alicheka mpaka akashika mbavu, lakini hakumwambia mtu.

Shambani alijiona bado yuko sawa. Kwenye vitalu vya wazi jua likipanda aliwaona vidukari hadi wachanga wao, akahesabu bila wasiwasi. Alijua kwamba macho yake yanachoka. Hakujua kwamba yanachoka upande mmoja tu wa shamba.

Alilijua hilo Jumapili, kwa dada.

Dada yake alikuwa mtu wa kupiga dawa mara mbili kila msimu, kwa bomba la kuazima, na kila akipiga alikohoa wiki nzima. Msimu huu hakupiga hata mara moja. Alikuwa amepanda kunde katikati ya mahindi, akaweka mikono kiunoni, akasubiri, kwa sababu mdogo wake alimwambia. Hakuhitaji kipeperushi, yeye alikuwa na mhesabu mwenyewe.

"Njoo uziangalie kunde zako," alisema hata kabla salamu hazijaisha.

"Zangu tena, dada?"

"Si wewe uliyenipa maneno? Twende."

Waliingia kati ya mahindi, yaliyokuwa yamefunga majani juu ya vichwa vyao. Ndani mlikuwa na ubaridi na mwanga wa kijani. Mama Vidukari aliinama kwa mazoea, akashika chipukizi kwa vidole viwili, akatazama, akaligeuza, akatazama tena.

"Mbona safi."

"Safi?"

"Safi kabisa. Kama wapo ni wawili watatu."

Dada alilikata chipukizi lilelile, akamshika mdogo wake mkono namna ya kumshika mtoto anayevuka barabara, akamtoa hadi ukingoni mwa shamba penye jua, akamwekea kile kipande kiganjani. Kilikuwa cheusi. Walikuwa wameganda kuanzia ncha hadi kwenye jani la pili, wamepandana, na majimaji yao yalikuwa yameanza kumnatisha vidole.

"Mdogo wangu, unanichezea shere?"

"Sikuwaona," alisema Mama Vidukari. "Kule ndani, dada, wallahi sikuwaona."

Dada aliona amejibiwa hovyo, akaanza kulaumu, na alikuwa na haki. Maua yalikuwa yanapukutika, maganda machanga yaliyotoka yalikuwa yamejikunja, na dawa kwa sasa ingekuwa kama kumwosha maiti meno. Lakini Mama Vidukari hakuwa anasikiliza. Kichwani mwake vilikuwa vinapita vitalu kumi na viwili, kimoja kimoja, vyenye mwanga uleule wa kijani.

Asubuhi ya Jumatatu hakuanza kazi ya fomu. Pembeni mwa kila kitalu kuna mistari ya ukingo, ambayo ipo kwa ajili ya kukikinga kitalu tu na haihesabiwi; ukiikata hujaharibu jaribio. Alikwenda kwenye mistari ya ukingo ya mahindini, akahesabu miche kumi palepale iliposimama, kama afanyavyo siku zote. Akapata hamsini na wanane. Kisha akayakata machipukizi yale kumi, akayatoa nje, akayalaza juu ya karatasi nyeupe juani, akahesabu upya, taratibu, kwa kuwagusa kwa ncha ya penseli. Mia moja arobaini na watatu.

Akaenda kwenye kunde za wazi, akafanya vilevile. Palepale: mia moja na sitini. Juu ya karatasi: mia moja sabini na mmoja.

Alirudia kitalu kingine, na kingine, mpaka karatasi zikaisha. Hesabu ilikataa kubadilika. Mahindi yalikuwa yanasaidia, hilo halikuwa uongo, lakini yalisaidia kidogo tu, kiasi ambacho mkulima asingekijua kwa macho. Kile kishindo chote kilichobaki, ile nusu na zaidi iliyojaza kipeperushi, kilikuwa kivuli cha mahindi na macho yake mabovu. Tena alikuwa amejimaliza mwenyewe: kila siku alianza na vitalu vya mahindi, mapema, mwanga ukiwa bado hafifu, ili jua likichachamaa awe ameshatoka humo, maana ndani ya mahindi mchana joto hukaba. Fomu ilikuwa na safu ya tarehe, kitalu na mche. Safu ya saa haikuwapo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mzee wa Bomba alimkuta ameketi chini, miguu ameinyoosha, karatasi zimetapakaa.

"Umefiwa?"

Akamweleza. Mzee wa Bomba alilitua bomba mgongoni, akachuchumaa, akatazama namba kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kutazama kitu chochote.

"Mimi ndiye ningeshangilia," alisema mwishowe. "Miaka mitatu mnaniambia mahindi yatachukua kazi yangu. Ukisema haya, bomba langu linarudi kuheshimiwa."

"Usinichekeshe."

"Basi sikuchekeshi. Nyamaza. Msimu umebakiza wiki tano. Nani atajua? Ukishatoka mdomoni hilo neno, utalala wapi wewe?"

"Kwa dada."

"Dada huyu uliyemlisha vidukari?"

Hilo lilimuuma, na alimchukia kwa dakika nzima kwa sababu lilikuwa kweli. Alikaa pale hadi jua likawa utosini. Kuna sehemu yake iliyotaka kunyamaza, wala tusimfanye malaika. Alipiga hesabu ya misimu: mmoja, miwili, halafu apumzike kwa heshima, apewe cheti na kikombe cha chai. Kisha akawaza maboksi sita. Kila boksi lina vipeperushi mia tano. Akawaona wanawake wa umri wa dada yake wakiweka mikono kiunoni na kusubiri, kwa sababu yeye alisema wasubiri. Akainuka, kiuno kikapiga kelele, akaenda ofisini.

Daktari alikuwa anapanga hotuba ya siku ya wakulima. Aliinua uso, akatabasamu. "Karibu mama. Kaa. Nataka siku ile usimame mbele, watu wamjue aliyehesabu."

"Ndilo lililonileta," alisema Mama Vidukari, na hakukaa. Akamwekea karatasi mezani, akamweleza yote kwa mpangilio, kama anavyosoma fomu: kivulini ngapi, juani ngapi, na mtoto wa jicho.

Daktari alisoma karatasi mara mbili. Tabasamu lilikuwa limeondoka kitambo.

"Tangu lini?"

"Msimu huu kwa hakika. Uliopita pia. Ule wa kwanza siwezi kuapa."

"Huwezi kuapa." Daktari aliusukuma mlango ukafungika. "Mama, lakini bado wanapungua. Angalia hapa mwenyewe, mia moja arobaini na watatu kwa mia moja sabini na mmoja. Mwelekeo ni uleule. Hatujasema uongo."

"Dada yangu hawezi kupika mwelekeo, Daktari."

"Dada yako ameingiaje hapa?"

"Aliacha dawa kwa maneno yangu. Kunde zake zimekwisha."

Hasira zikampanda Daktari. Ni vizuri zilipanda, kwa sababu huruma ingemuua mwenzake pale pale. "Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii unakunywa chai yangu humu ndani! Ningekupeleka hospitali mimi mwenyewe, kwa gari langu!"

"Na mkataba ungeusaini?"

Daktari alifungua mdomo, akaufunga. Akayatazama maboksi.

"Niliona sufuri nyingi sana mahindini," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Msimu uliopita. Mche baada ya mche, sufuri. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba shamba halina sufuri nyingi hivyo. Niliziona, nikazipenda, nikakaa kimya."

Hapo ndipo Mama Vidukari alipoketi. Aliona aibu kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya mtoto huyu aliyemlea kikazi, na aibu zote mbili zilikuwa nzito kwa mtu mmoja. Alitamani kulala pale pale kwenye kiti.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyotarajia. Vipeperushi vilipelekwa jikoni na Ukoko akavitumia kuwashia moto wa maharage, akilalamika kwamba karatasi nzuri zinatoa moshi mbaya. Siku ya wakulima Daktari alisimama peke yake, akawaambia watu kwamba kituo kilikosea, kwamba kuchanganya kunde na mahindi kuna faida lakini si ile waliyoisikia ikinong'onwa, na kwamba anayechanganya aendelee kuingia shambani kukagua, tena achume chipukizi alitoe juani ndipo aamini. Wakulima wengine walicheka. Hakumtaja aliyehesabu. Jaribio litaanza upya, kwa mhesabu mpya na fomu yenye safu ya saa. Daktari alimwandikisha Mama Vidukari hospitali, zamu yake ni miezi minne mbele, na akaahidi gari. Kuhusu mkataba hakusema kitu, na Mama Vidukari hakuuliza, kwa sababu alikuwa ameshajibiwa siku ile ofisini.

Msimu ulipoisha, Mzee wa Bomba alimbebea godoro na sanduku kwa baiskeli hadi kwa dada. Njia nzima alisukuma baiskeli na kupiga domo kuhusu mhesabu mpya, kijana anayeogopa viwavi, na Mama Vidukari alitembea nyuma yake akishukuru kwamba hahitaji kuitikia. Walipofika, Mzee wa Bomba akashusha mizigo, akakataa chai, akaondoka kabla dada hajaanza kumlaumu mdogo wake mbele yake.

Dada alikuwa uani, ameanika kunde alizovuna. Zilikuwa chache, hazikujaza hata ndoo, na nyingi zilikuwa na makunyanzi. Alikuwa ameshasikia habari za siku ya wakulima kwa majirani, lakini alingoja aambiwe na mwenyewe. Mama Vidukari akamwambia. Hakupunguza kitu: misimu mitatu, kivuli, macho, kazi imekwisha, chumba kimekwisha.

"Kwa hiyo ulikuwa unabahatisha," alisema dada.

"Sikuwa nabahatisha. Nilihesabu kila nilichokiona."

Dada alilitafuna jibu hilo. Alikuwa na maneno, yalionekana kwenye taya, mwezi mzima alikuwa ameyaweka. Lakini aliliangalia godoro lililofungwa kwa kamba, akaangalia viatu vya mdogo wake vilivyolika upande mmoja, na maneno yakamwisha nguvu. Naye alikuwa amechoka.

"Chumba cha nyuma kinavuja kwenye kona," alisema. "Utalala upande wa mlangoni."

"Nitalala popote, dada."

"Haya. Usikae bure." Akamsogezea kigoda, akamwekea ungo mapajani na vikombe viwili vya kunde. "Chambua hizi, ni za jioni."

Mama Vidukari alichambua. Alitoa vijiwe, akatoa zilizotobolewa, akapitisha kidole kwa kila punje, hakutaka haraka. Alipomaliza aliusukuma ungo, dada akaupokea, akasema ahsante, akageuka kidogo, akampa mgongo, kama mtu anayetafuta upepo. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Alikuwa anazichambua upya, punje moja moja, bila kelele, ili mdogo wake asione.

Aliona. Alisogeza kigoda chake pembeni, asimzibie dada mwanga.